Vitabu vya Besiboli na Kukutana na Waandishi Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sijawahi kutazama mechi nzima ya besiboli. Nianze na kitabu gani?

Anza na The Glory of Their Times cha Lawrence Ritter, kilichotoka mwaka 1966. Ritter alikuwa profesa wa uchumi mjini New York. Ty Cobb, nyota wa zamani wa mchezo huu, alipofariki mwaka 1961, Ritter aliona kizazi cha mwanzo wa karne kinaondoka na habari zake, akabeba kinasa sauti na kuwafuata wazee hao makwao. Toleo la kwanza lina wachezaji 22, na la mwaka 1984 likaongezwa wanne. Ukinunua cha mtumba, tafuta la 1984 au la baada ya hapo. Kila sura ni mzee mmoja anayezungumza kwa Kiingereza chepesi, na anasimulia visa zaidi ya takwimu. Sura ikikushinda, iruke uendelee na inayofuata.

Baada ya hapo soma Ball Four. Ni shajara ya mrushaji Jim Bouton ya msimu wa 1969. Alianza msimu huo na Seattle Pilots, timu iliyokaa Seattle mwaka mmoja tu kabla ya kuhamia Milwaukee, akaumalizia Houston. Kitabu kilipotoka mwaka 1970, kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, alimwita Bouton ofisini, maana kilianika mambo ya chumba cha kubadilishia nguo: ulevi, vidonge vya kutia nguvu, na mabishano ya mishahara ambayo mchezaji wa enzi hizo hakuwa na njia ya kuyashinda. Lugha yake ni ya watu wazima, usimpe mtoto.

Kitabu ambacho wengi hupendekeza kwanza, na sisi tunasema kisubiri, ni The Boys of Summer cha Roger Kahn (1972). Ni kizuri mno. Lakini Kahn anaandika kwa msomaji anayewajua tayari Brooklyn Dodgers, timu ya New York, wa 1952 na 1953, anayejua kwamba Jackie Robinson, mchezaji Mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ya ishirini, aliingia ligi hiyo tarehe 15 Aprili 1947, na kwamba timu ilihamia Los Angeles kuanzia msimu wa 1958. Nusu ya uchungu wa kitabu imo katika kuhama huko. Usipoyajua hayo utaona wazee wanaotembelewa tu, na hutaelewa kwa nini mwandishi ana huzuni.

Ni mambo gani ya mchezo nijue ili nisipotee ninaposoma?

Machache kuliko unavyodhani. Mechi ya kawaida ina inningi 9, yaani awamu ambazo kila timu hupata zamu moja ya kupiga. Katika kila inningi timu inapiga hadi wachezaji wake watatu watolewe, kwa hiyo kila upande una nafasi 27 za kutolewa. Hiyo 27 ndiyo saa ya besiboli, kwani mwisho wa mechi hauamuliwi na dakika. Ndiyo maana waandishi wanaweza kutumia kurasa tatu kueleza mrusho mmoja: mchezo wenyewe umesimama ukisubiri.

Wastani wa .300 maana yake mpigaji amefanikiwa mara 3 katika kila 10, na huyo ni mpigaji mzuri.

Jifunze pia namba za nafasi, kwa sababu vitabu huzitumia bila kueleza. Mrushaji ni 1, mdakaji nyuma ya mpigaji ni 2, mlinzi wa besi ya kwanza (besi ni vituo anavyokimbilia mpigaji kuzunguka uwanja) 3, wa pili 4, wa tatu 5, anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu 6, kisha uwanja wa nje kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Namba hizi si za jezi. Ukikuta “6-4-3” maana yake mpira umeokotwa na namba 6, akamrushia 4, naye akamrushia 3, na watu wawili wametolewa kwa mpigo mmoja. Herufi K ni mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu (straiki ni mrusho mzuri alioukosa au aliouacha), na K iliyogeuzwa ni yule aliyetazama straiki ya mwisho ikipita bila kupiga. Chora uwanja kwenye kipande cha karatasi, andika namba hizo, ukitumie kama alama ya kurasa. Ukifika katikati ya kitabu utakuwa umezishika.

Nikisoma Moneyball, nahitaji kujua hesabu?

Hapana. Kujumlisha na kugawanya kunatosha. Michael Lewis alikitoa mwaka 2003 akieleza msimu wa 2002 wa Oakland, timu yenye bajeti ndogo iliyoshinda mechi 20 mfululizo. Hoja yake ya msingi: soko lilikuwa linalipa zaidi wastani wa kupiga, huku uwezo wa kufika besi kwa njia yoyote, pamoja na kupewa besi baada ya mirusho minne mibaya, ukiuzwa kwa bei ya kutupa. Lakini soma ukikumbuka kwamba Oakland ile ilikuwa pia na warushaji watatu hodari sana, Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, na kitabu kinawapa nafasi finyu. Anayekisoma peke yake hudhani hesabu zilishinda mechi zote 103 za msimu ule.

Vitabu gani vya zamani nivisome kwa tahadhari?

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu makosa ya vitabu vya besiboli hurithiwa: mmoja anamnakili mwenzake miaka hamsini.

Kosa maarufu ni asili ya mchezo. Ukikuta kitabu kinasema Abner Doubleday alibuni besiboli Cooperstown mwaka 1839, kifunge au kisome kama hekaya. Habari hiyo ilitolewa na tume iliyokamilisha kazi mwaka 1907, ikitegemea ushahidi wa mzee mmoja. Mwaka 1839 Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha jeshi cha West Point. Kazi za David Block (2005) na John Thorn (2011) zimepanga ushahidi vizuri, nazo zinaonyesha mchezo ulikua polepole kutoka michezo ya zamani ya Uingereza na Marekani.

La pili ni Ty Cobb. Picha ya Cobb kama mtu katili kupindukia ilitokana kwa sehemu kubwa na maandishi ya Al Stump, na watafiti wa baadaye wamegundua kwamba Stump alitia chumvi nyingi na mengine aliyabuni. Ukisoma Stump, soma na Charles Leerhsen (2015) anayempinga, kisha uamue mwenyewe.

La tatu ni Eight Men Out cha Eliot Asinof (1963), kuhusu wachezaji wa Chicago waliohusishwa na kuuza fainali za 1919. Hakina tanbihi, na Asinof mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliingiza mhusika wa kubuni ili kulinda haki yake dhidi ya watakaomwibia. Ni kitabu kinachosomeka kwa utamu. Usikitumie peke yake kama ushahidi wa nani alisema nini chumbani.

Mwisho, takwimu. Mwezi Desemba 2020 ligi kuu ilitangaza kuzitambua ligi za wachezaji Weusi za 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 rekodi zao zikaunganishwa. Kwa hiyo kitabu chochote cha kabla ya hapo kitakuambia wastani bora wa maisha ni .367 wa Cobb. Leo orodha inaongozwa na Josh Gibson, nyota wa ligi hizo za Weusi, kwa .372. Mwandishi wa zamani hakukosea, orodha ndiyo iliyobadilika. Angalia mwaka wa kuchapishwa kabla hujabishana na mtu.

Nataka kusoma kuhusu ligi za wachezaji Weusi. Nipitie wapi?

Only the Ball Was White cha Robert Peterson (1970) ndicho kilichofungua mlango. Kabla yake habari nyingi zilikuwa zimelala kwenye magazeti ya Weusi na vichwani mwa wazee. Kisha chukua The Soul of Baseball cha Joe Posnanski (2007), ambamo mwandishi anazunguka Marekani na Buck O'Neil, mchezaji na kocha wa zamani wa Kansas City Monarchs. Kwa mtoto au kwa nyumba yenye watoto, We Are the Ship cha Kadir Nelson (2008) kina michoro mikubwa ya rangi za mafuta. Kinunue cha karatasi, simu inaua picha zile.

Na riwaya?

The Natural ya Bernard Malamud (1952) na Shoeless Joe ya W. P. Kinsella (1982) ndizo zinazotajwa sana, na zote zimefanyiwa filamu. Tahadhari moja: filamu ya The Natural inaisha kinyume kabisa na riwaya. Ukiwa umeiona filamu, bado hujui hadithi. Sisi huwa tunamwelekeza msomaji kwa Bang the Drum Slowly ya Mark Harris (1956), kuhusu mrushaji anayetunza siri ya ugonjwa wa mdakaji wake. Msimuliaji huandika Kiingereza kisicho sanifu kwa makusudi, kwa hiyo usishangae sarufi ikienda upande.

Waandishi wa besiboli hukutana na wasomaji wapi, na lini?

Wachapishaji hutoa vitabu vingi vya besiboli kati ya Februari na Mei, wakati timu zinafanya mazoezi Arizona na Florida na ligi inaanza. Ziara za waandishi hufuata kalenda hiyo hiyo, zikipanda tena kabla ya Siku ya Akina Baba mwezi Juni. Ukitafuta matukio mwezi Novemba utapata machache.

Cooperstown, jimbo la New York, ndipo lilipo Jumba la Mashujaa wa Besiboli lililofunguliwa tarehe 12 Juni 1939. Kila kiangazi huwa na mfululizo wa mazungumzo ya waandishi, kisha kutia saini. Ni mji mdogo usio na treni wala uwanja wa ndege wa abiria. Kutoka jiji la New York ni safari ya gari ya takribani saa nne. Kwa mpenda vitabu, epuka wikendi ya mwisho wa Julai wanapoingizwa mashujaa wapya: vyumba hupanda bei, barabara kuu hujaa wanaofuata saini za wachezaji, na mwandishi hupotea katika kelele hizo. Njoo wiki nyingine, na kama unataka maktaba yao ya utafiti, omba miadi mapema ukitaja jina la mchezaji au mada unayotaka faili lake.

Kwingine kwa uhakika: Makumbusho ya Ligi za Weusi, Kansas City, na Makumbusho ya Yogi Berra, Little Falls, New Jersey. Jumuiya ya watafiti wa besiboli, SABR, iliyoanzishwa mwaka 1971, ina matawi katika miji mingi, na mikutano ya tawi mara nyingi huwa na mwandishi mgeni mbele ya watu wachache. Hiyo ndiyo nafasi bora kuliko zote ya kuongea naye kwa raha. Usipuuze maktaba za umma pia, kwani mazungumzo mengi huko ni bure.

Siku ya kutia saini nifanye nini, hatua kwa hatua?

Kwanza soma masharti ya duka wiki moja kabla. Maduka mengi yanataka kitabu kipya kinunuliwe kwao ndipo uingie foleni, na mengine yanaruhusu vya zamani viwili au vitatu. Ukifika na begi la vitabu kumi bila kuuliza, utarudishwa mwisho wa foleni au utaambiwa uchague kimoja.

Tunza risiti, wataiomba mlangoni.

Funua kitabu kwenye ukurasa wa jina, ule wenye jina la kitabu, la mwandishi na la mchapishaji. Hapo ndipo saini hukaa. Chomeka ubawa wa jaketi la kitabu (ncha ya karatasi ya kufunika jalada, ile inayokunjwa ndani) kwenye ukurasa huo ili mwandishi akifungue mara moja. Kama unataka jina lako, liandike kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi cha gundi na ukibandike ukurasani. Hili ni muhimu sana kwetu wenye majina ambayo Mmarekani hajawahi kuyaandika: Mwanaidi ukimtamkia tu, na foleni inasukuma, utarudi nyumbani na jina la mtu mwingine ndani ya kitabu chako. Amua mapema kama unataka jina au saini tupu. Saini tupu huuzika kwa urahisi zaidi baadaye, yenye jina ni ya kwako na wajukuu. Sisi tuko upande wa jina.

Mazungumzo mezani ni nusu dakika hivi. Swali refu liulize wakati wa maswali ya ukumbini. Mezani taja ukurasa au kisa kimoja kilichokugusa. Mwandishi huyo amesikia “kitabu kizuri” siku nzima.

Kalamu gani itumike?

Kwa kitabu, kalamu yenye ncha laini na wino wa rangi isiyochuja kwa maji wala kufifia kwa mwanga. Maka peni ya kawaida hupenya karatasi na kutokea ukurasa wa pili, na baada ya miaka huzungukwa na kivuli cha manjano. Kalamu ya jeli hukawia kukauka: ukifunga kitabu mara moja, saini hujipiga chapa ukurasa wa mbele. Acha wazi dakika mbili, au weka karatasi safi katikati. Kama karatasi ya kitabu ni ya kung'aa, kama ilivyo kwa vitabu vya picha, ongeza muda.

Kwa mpira mambo ni kinyume. Ngozi yake hunyonya wino wa maka peni na mistari hutanuka, kwa hiyo tumia bolpeni ya buluu, na mpe mwandishi sehemu ile nyembamba ambapo mishono imekaribiana zaidi, isiyo na chapa.

Nimeona “toleo la kwanza” la bei rahisi mtandaoni. Nitajuaje?

Fungua ukurasa wa haki za uchapishaji. Kwa vitabu vya miongo ya karibuni tafuta mstari wa namba, mara nyingi kuanzia 10 hadi 1. Kwa wachapishaji wengi, namba 1 ikiwepo ni chapa ya kwanza, na namba ndogo kabisa ikiwa 4, ni chapa ya nne hata kama maneno ya toleo la kwanza yameachwa juu yake. Wachapishaji wachache wana desturi zao, kwa hiyo muulize muuzaji picha ya ukurasa huo na si ya jalada peke yake.

Kisha jaketi. Pembe ya ndani ya ubawa wa mbele inapaswa kuwa na bei. Pasipo na bei, huenda ni toleo la klabu ya vitabu, ambalo lilichapishwa kwa wingi kwa karatasi nyepesi. Alama ndogo iliyobonyezwa nyuma ya jalada gumu, chini kulia, huthibitisha. Pembe ikiwa imekatwa, huwezi kujua, na bei ishuke. Mstari au nukta ya wino kwenye ukingo wa chini wa kurasa maana yake ni mabaki yaliyouzwa kwa punguzo. Kwa kusoma havina tatizo lolote, tatizo ni kuvilipia bei ya toleo la kwanza.

Niko Afrika Mashariki. Nawezaje kuhudhuria?

Mazungumzo mengi hurushwa mtandaoni. Hesabu saa kwa makini: kiangazi cha Marekani, New York iko nyuma yetu kwa saa 7, na majira yao ya baridi ni 8. Tukio la saa moja jioni New York mwezi Mei ni saa nane usiku Dar es Salaam na Nairobi, usiku wa kuamkia siku inayofuata. La saa saba mchana ni saa mbili usiku, hilo ndilo la kulikimbilia. Jiandikishe hata kama hutakesha, maana waandaaji wengi huwatumia waliojiandikisha kiungo cha rekodi. Swali lako litume kwa maandishi mwanzoni, kwani dakika za mwisho maswali huwa yamejaa.

Kitabu chenye saini unaweza kukiagiza kwa duka linaloandaa tukio, ukiandika kwenye nafasi ya maelezo jina linavyoandikwa. Agiza kabla ya siku ya tukio. Uliza nauli kabla ya kulipa, kwa sababu mara nyingi huzidi bei ya kitabu, na ile huduma nafuu ya posta yao kwa vitabu, Media Mail, haivuki mipaka ya Marekani. Wengi huagiza kwa anwani ya ndugu aliye kule, kikaja na msafiri.

Kuna cha kusoma bure?

Kipo, na kingi. Vitabu vilivyochapishwa Marekani kabla ya 1929 haki zake zimekwisha huko, na vingi viko Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, kikiwemo Pitching in a Pinch cha mrushaji Christy Mathewson (1912). SABR ina wasifu wa wachezaji zaidi ya 5,000 mtandaoni bila malipo, na vingi vimeandikwa vizuri kuliko vitabu vinavyouzwa. Matokeo ya mechi za zamani yako kwenye tovuti ya Retrosheet: ukikuta kitabu kinasimulia mechi fulani, tafuta tarehe, ufuate mchezo kwa mchezo huku unasoma.

Afrika imo katika vitabu hivi?

Kwa uchache, na hilo linauma. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilifuzu fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya bara la Afrika kucheza fainali hizo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia ligi kuu mwezi Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh, wa kwanza kutoka bara hili, na mara yake ya kwanza kupiga akafika besi ya kwanza. Mwandishi akija mjini kwako, muulize juu ya Uganda. Vitabu huanza na maswali ya wasomaji pia.

Kitabu changu chenye saini nikihifadhi vipi pwani?

Adui ni unyevu na jua. Kisimamishe wima katikati ya vitabu vya kimo kimoja, bila kukibana, kwenye rafu ya ndani na si ukuta unaopigwa na mvua, ukiacha nafasi ya vidole viwili nyuma ili hewa ipite. Jaketi livalishe plastiki ya wazi isiyo na gundi. Ile ya kupasha moto haitoki tena. Usikifungie kwenye mfuko wa nailoni, unyevu hubaki ndani na ukungu huanzia kwenye mshono. Vikichafuka kwa ukungu, vitenge na vingine siku hiyo hiyo, vikaushe kivulini penye upepo, kisha futa kwa brashi laini nje ya nyumba. Mara moja kwa mwezi vitoe, vifungue, uvikague. Ndiyo nafasi ya kuvisoma tena.